Sura ya Sita: Gurudumu ni Mali ya Reli

Mtazame mtu anayenunua behewa la treni ndogo, uone macho yake yanaanzia wapi. Yataanza na rangi. Yatahamia kwenye maandishi ya ubavuni, yale madogo yasiyosomeka bila miwani, kisha ngazi, vishikio vya milango na usukani wa breki ya mkono. Kulipindua behewa ni jambo la mwisho, na wengi hawalipindui kabisa. Huko chini ndiko yaliko magurudumu manane, kila moja likiwa na kipenyo cha sentimita moja hivi, na katika kitu chote alichokilipia hayo ndiyo pekee yenye kazi ya kugusa reli. Behewa lenye rangi mbaya litatembea. Lenye magurudumu mabaya litaishia kuwa pambo la kabati.

Swali la chuma au plastiki huulizwa kana kwamba linahusu behewa mojamoja: hili nilibadilishe, lile niliache. Mimi naona limeulizwa vibaya. Gurudumu likishakanyaga reli halihesabiki tena kuwa la behewa. Ni mali ya reli. Uchafu linaoubeba linauacha njiani, na treni inayofuata inaukuta. Ndoo moja chafu ikizamishwa kisimani, hakuna maana ya kuuliza ni maji ya nani yaliyoharibika. Kwa hiyo katika sura hii nitakuwa nikipima magurudumu kwa yanavyoitendea njia nzima, na mara chache tu kwa yanavyolipendeza behewa.

Kwanza vipimo, ili tujue tunazungumzia kitu cha ukubwa gani. Katika kipimo cha HO, kinachopendwa sana Marekani na Ulaya bara, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli halisi za upana wa milimita 1,435, ambazo msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anazijua kwa jina la SGR, zinakuwa milimita 16.5 juu ya meza. Gurudumu la kawaida la behewa la zamani la mizigo la Marekani lina kipenyo cha inchi 33. Kwenye HO linabaki milimita 9.6. La behewa la abiria ni inchi 36, nalo hubaki milimita 10.5. Ukishuka hadi kipimo cha N, kilichopunguzwa mara 160 na kinachotumia reli za milimita 9, gurudumu lile lile la mizigo linakuwa milimita 5 na ushee. Katika kitu kidogo kiasi hicho, hata utando wa uchafu unaokwanguka kwa ukucha unatosha kubadilisha umbo la gurudumu. (Anayetaka kujenga mfano wa reli ya zamani ya upana wa mita moja, ile ya Mombasa hadi Kisumu au ya Dar es Salaam hadi Kigoma, atatumia reli za milimita 12 kwa kipimo hicho cha HO. Yote nitakayosema yanamhusu, ila dukani atakuta vitu vichache zaidi.)

Plastiki haikuingia kwenye magurudumu kwa ubahili peke yake. Treni nyingi za umeme za kuchezea za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilikuwa za bati na chuma, na zilitembea juu ya reli tatu: umeme uliingia kwa reli ya katikati na kurudi kwa zile mbili za pembeni. Katika mpango huo, gurudumu la kushoto likiunganishwa na la kulia kwa ekseli ya chuma hakuna kinachoharibika, kwa kuwa reli zote mbili za nje ni upande mmoja wa umeme. Märklin wa Göppingen, Ujerumani, wanaendelea na utaratibu huo hata leo katika treni zao za HO, isipokuwa reli ya katikati imegeuzwa kuwa safu ya vidoto vya chuma vilivyojificha kwenye mataruma.

Reli mbili zilipoanza kutawala, kila reli ikawa na upande wake wa umeme. Ekseli ya chuma yenye magurudumu mawili ya chuma ikawa shoti inayotembea. Hornby Dublo wa Uingereza, walioanza mwaka 1938 kwa reli tatu, walihamia reli mbili mwaka 1959. Kiwanda kilichotaka kufanya hivyo kilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuweka pete ya kihami kati ya gurudumu na ekseli, kazi inayodai uangalifu na inayoongeza gharama. Ya pili ni kumimina gurudumu zima kwa plastiki. Ya pili ilikuwa nafuu, na hofu ya shoti ikaishia hapo hapo.

Tena, chuma cha zama zile hakikuwa cha kuaminika kama wapenzi wake wanavyokumbuka. Magurudumu mengi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yalimiminwa kwa aloi ya zinki, na aloi hiyo ikichanganyika na risasi kidogo tu huanza kuoza ndani kwa ndani. Hutanuka, hupasuka, na mwishowe humeguka mkononi. Wakusanyaji wa treni za kale wanaujua ugonjwa huo, na hauna dawa.

Sasa tuje kwenye uchafu, kwa sababu hapo ndipo kesi hii inapoamuliwa.

Endesha treni kwa majuma kadhaa, kisha pitisha kidole juu ya reli. Kitatoka na mstari mweusi. Weusi huo ni mchanganyiko wa mambo mengi: vumbi la chumba, nyuzi za zulia na nguo, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye gia za kichwa cha treni, na mpira uliosagika kutoka kwenye zile pete ambazo baadhi ya vichwa huvishwa magurudumuni ili visiteleze. Ndani yake mna pia kutu inayozaliwa na cheche. Kila mara gurudumu la kichwa linapopoteza mguso wa reli na kuurudia, kwa muda mfupi usioonekana, cheche ndogo huruka, na pale ilipopiga hubaki doa jeusi lisilopitisha umeme vizuri.

Mabehewa hayazalishi sehemu kubwa ya uchafu huo. Kazi yao ni kuusambaza, na plastiki inaifanya kazi hiyo kwa bidii. Gurudumu la plastiki ni laini kuliko reli, kwa hiyo uso wake unapokea chembe na kuzishika. Kwa kusuguana na reli hupata pia umeme tuli, ambao huvuta vumbi. Uzito wa behewa unazishindilia chembe hizo mzunguko baada ya mzunguko, mpaka uso wote wa gurudumu unavikwa pete nyeusi ngumu. Pete hiyo haina unene sawa. Behewa linaanza kuyumba na kurukaruka, kichwa kinavuta kwa taabu, na mara kwa mara kipande kinabanduka na kulala juu ya reli kikisubiri gurudumu la kichwa ambalo lingehitaji umeme mahali hapo. Mwenye njia anasafisha reli Jumamosi, Jumatano zimechafuka, naye analaumu reli, au hali ya hewa, au kiwanda kilichomuuzia kichwa. Angeyapindua mabehewa yake angekiona chanzo.

Gurudumu la chuma nalo huchafuka. Anayekwambia halichafuki anauza magurudumu. Tofauti ni kwamba juu ya uso mgumu uliong'arishwa uchafu hauna pa kushika, na ukishika hutoka kwa kupanguswa. Usilipite haraka hilo neno “uliong'arishwa”. Yapo magurudumu ya chuma yaliyomiminwa na kuachwa na uso wa chengachenga, na yapo yaliyopakwa dawa nyeusi ili yasing'ae. Ukiyatazama kwa lenzi utaona mashimo na vinundu. Hayo hushika uchafu karibu sawa na plastiki, na juu ya hilo ile dawa nyeusi huzuia umeme mpaka isagike. Nikiwa na fedha za gurudumu la chuma baya au la plastiki nzuri, nanunua plastiki nzuri. Gurudumu la chuma linalostahili bei yake limechongwa kwa mashine, aghalabu kwa shaba ya manjano, kisha likavikwa nikeli. Kwa anayeishi pwani, Tanga au Mombasa, shaba ina faida ya pili: hewa ya chumvi haiiletei kutu kama inavyoiletea ekseli ya chuma cha kawaida iliyolala kabatini msimu mzima wa masika.

Kusafisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tandaza karatasi laini ya jikoni juu ya kipande cha reli, ilowanishe kidogo, sukuma behewa mbele na nyuma juu yake, na mistari miwili myeusi itakuonyesha mzigo uliokuwa ukitembea nao. Ilowanishwe kwa nini, hapo pana mabishano. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa spiriti ile ya kupangusia ngozi kabla ya sindano. Siku hizi mafundi wengi wamehamia kwenye vimiminika vya jamii ya petroli, kama waiti spiriti ya wapaka rangi, wakisema kwamba spiriti ya hospitali huacha utando unaozikaribisha cheche upya. Mimi niko upande wao. Asetoni isikaribie kabisa, itayeyusha behewa lenyewe. Msasa nao usiguse reli wala gurudumu: mikwaruzo yake ndiyo makao ya uchafu wa kesho.

Jambo la pili ni wepesi wa mwendo, na hapa sikubaliani na watu wa chuma. Wanasema chuma hutembea vizuri zaidi. Tuone gurudumu linazunguka vipi. Limekazwa kwenye ekseli, na ekseli yote huzunguka pamoja nalo. Ncha mbili za ekseli, zilizochongwa zikawa kali, hukaa ndani ya vitobo viwili vya fremu ndogo inayobeba magurudumu chini ya behewa. Kitobo ni koni iliyo pana kidogo kuliko ncha, ili kinachogusana kiwe nukta tu. Fremu nzuri humiminwa kwa asetali, plastiki inayoteleza yenyewe bila mafuta, ambayo kampuni ya DuPont iliiuza kwa jina la Delrin. Ncha kali ya chuma ndani ya asetali: wepesi wote unatoka hapo. Sehemu inayokanyaga reli ikiwa ya plastiki au ya chuma, mchango wake katika wepesi ni mdogo maadamu ni safi na ni duara kamili. Yapo magurudumu ya plastiki juu ya ekseli ya chuma yanayoteremka bila kusukumwa, na yapo ya chuma yanayokwama kwenye tambarare.

Yanakwama kwa nini? Mara nyingi kwa urefu wa ekseli. Viwanda havikuwahi kukubaliana juu ya jambo hili. Ekseli ya OO ya Uingereza, kipimo kinachotembea juu ya reli hizo hizo za milimita 16.5, kwa kawaida ina urefu wa milimita 26 kutoka ncha hadi ncha. Nyingi za Ujerumani ziko kati ya milimita 24 na 25. Za Marekani hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, wakati mwingine kati ya toleo na toleo la kiwanda kimoja. Mtu anaagiza magurudumu ya chuma kwa sababu amesoma kwamba ni bora, anang'oa ya plastiki, anapachika mapya, na behewa lililokuwa likitembea linakataa. Ekseli ikiwa ndefu mno, huisukuma fremu nje na ncha zinagandamizwa kwenye koni kama breki. Ikiwa fupi mno, behewa linakaa chini kuliko majirani zake, viunganishi havilingani kimo, na ekseli inacheza huku na huku mpaka siku gurudumu litakapopanda juu ya reli kwenye njiapanda. Nusu milimita inatosha kuleta yote hayo. Kwa hiyo pima ekseli ya zamani kwa kalipa kabla ya kuagiza mpya, na uagize kwa urefu wa ekseli, si kwa kipenyo cha gurudumu peke yake.

Ukishabadilisha, jaribu. Inua ncha moja ya kipande cha reli chenye urefu wa mita moja kwa sentimita 2 na uachie behewa. Lililo zima litaanza kuteremka lenyewe, au kwa kuguswa kidogo tu. Lisipoteremka, usikimbilie mafuta. Mafuta huvuta vumbi na kulipeleka pale pale kwenye ncha. Kuna keekee ndogo ya mkono inayouzwa kwa kazi hii, yenye umbo la ekseli lakini ncha zake zina meno. Unaipachika mahali pa ekseli, unaizungusha kwa vidole mara chache, nayo inachonga koni upya na kuondoa mabaki ya plastiki ya kiwandani. Naiona kuwa kifaa chenye faida kubwa kuliko seti yoyote ya magurudumu ya bei mbaya, na cha kushangaza ni kwamba ndicho kinachonunuliwa mwisho.

Uzito nao huingia hapa. Chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, NMRA, kilichoundwa Milwaukee mwaka 1935, kinapendekeza behewa la HO liwe na aunsi 1 kama msingi, na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wake. Behewa la inchi 6 kwa hesabu hiyo linatakiwa kuwa na aunsi 4, karibu gramu 113. Mabehewa mengi hutoka kiwandani yakiwa mepesi kuliko hapo. Magurudumu ya chuma huongeza gramu chache, lakini huziongeza mahali pazuri kuliko pote, karibu kabisa na reli, ambako uzito hauwezi kulipindua behewa kwenye kona.

NMRA hiyo hiyo ndiyo iliyotoa umbo la gurudumu ambalo viwanda vingi hulifuata, lijulikanalo kwa namba yake, RP-25. Uso wa gurudumu umelazwa kidogo kama koni, na pale unapokutana na ukingo wa ndani, ule unaolizuia gurudumu lisitoke nje ya reli, pana mviringo badala ya kona kali. Mviringo huo ndio unaolirudisha gurudumu katikati linapojaribu kupanda. Upana wa kawaida kwa HO ni inchi 0.110, yaani milimita 2.8. Ukiupunguza huo kwa uwiano wa 87 kutoka gurudumu halisi utaona ni mnene mno, na ndiyo maana wanaopenda uhalisia hununua wa inchi 0.088, milimita 2.2, ambao ukitazamwa kwa nyuma ya behewa unapendeza zaidi. Unapendeza, lakini una tabia ya kudondokea kwenye pengo la njiapanda za zamani. Kabla ya kuushabikia, zitazame njiapanda zako.

Kuna jambo ambalo plastiki inashinda bila ubishi. Gurudumu la plastiki lililomiminwa pamoja na ekseli yake halisogei. La chuma limebanwa tu kwenye ekseli au kwenye pete ya kihami, na linaweza kuteleza. Nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya HO inatakiwa kuwa karibu milimita 14.4. Gurudumu likisogea robo milimita, behewa litaacha njia mahali pale pale kila siku na wewe utaifumua reli bure. Kipande cha chuma cha kupimia nafasi hiyo ni cha bei ndogo. Kila seti mpya ipimwe kabla ya kupachikwa, hata kama imetoka kwenye pakiti iliyofungwa.

Umeme ndio unaowasumbua zaidi wanaoanza, ingawa kanuni yake ni fupi. Katika reli mbili, ekseli ya chuma lazima ihamiwe angalau upande mmoja. Nyingi zimehamiwa upande mmoja tu. Ikiwa fremu ya magurudumu ni ya plastiki, upande gani unaelekea wapi si neno. Ikiwa fremu ni ya chuma, kama mabehewa mengi ya zamani ya shaba, ekseli zote mbili za fremu moja lazima zihamiwe upande ule ule. Ukiigeuza moja, umeme unaingia kwa ekseli ya kwanza, unapita kwenye fremu, unatokea kwa ya pili, na treni nzima inapiga shoti. Kwa Märklin mambo ni kinyume. Huko ekseli isiyohamiwa ndiyo inayotakiwa, kwa sababu ikiunganisha reli mbili za nje ndipo mfumo unapojua kwamba sehemu hiyo ya njia ina treni. Behewa likihama kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine lazima libadilishwe magurudumu, na Wajerumani wanaochanganya hizo mbili wana masanduku ya ekseli za akiba.

Wenye reli mbili nao wana njia yao ya kutambua treni. Rezista ndogo, mara nyingi ya kiloohm 10, hugandishwa kwenye ekseli ya chuma ikavuka kile kihami. Umeme wa mfumo wa kidijitali, volti 14 au 15, unapitisha humo zaidi kidogo ya miliampia 1. Hautoshi kupasha kitu joto, lakini kifaa cha kuchunguza kinauona, na taa ya ishara inabaki nyekundu hata kama kichwa kimeshaondoka na kuacha behewa moja nyuma. Kwa plastiki behewa hilo halionekani kabisa. Vivyo hivyo taa za ndani za mabehewa ya abiria: bila gurudumu la chuma umeme hauna pa kupandia, labda utumie betri.

Hapo chuma kinaonekana kimeshinda, mpaka ufike kwenye sumaku. Viunganishi vya Kadee, kampuni ya Oregon iliyoanzishwa na mapacha Keith na Dale Edwards, hufunguliwa bila mkono: sumaku iliyofichwa kati ya reli huvuta pini iliyo chini ya kiunganishi. Lakini sumaku hiyo haichagui. Ekseli ya chuma cha kawaida nayo inavutwa. Behewa jepesi linalopita linaruka ghafla mbele, linasimama, na viunganishi vinafunguka pasipotakiwa. Kwenye kipimo cha N, ambako mabehewa ni mepesi sana, ni kero kubwa. Dawa ni ekseli ya plastiki au ya shaba. Wakati wa kununua beba sumaku ndogo ya mlango wa friji na uijaribishe ekseli.

Kwenye N kuna mtego mwingine. Magurudumu mengi ya plastiki ya zamani yalikuwa na kingo ndefu kupita kiasi, zilizofanya behewa lishike njia hata kama reli zimetandikwa ovyo. Reli fupi za kimo cha inchi 0.055, milimita 1.4, zilipopendwa, kingo hizo zilianza kugonga vichwa vya misumari ya mfano iliyomiminwa kwenye mataruma. Behewa linatembea likitetema. Anayesikia mtetemo huo hulaumu plastiki, wakati kosa ni la kimo cha ukingo. Plastiki yenye ukingo mfupi itapita kimya.

Na ukimya ni hoja. Gurudumu la chuma linapiga kelele juu ya reli ya chuma, hasa kama ubao unaobeba njia uko wazi upande wa chini na unavumisha kila mgongano. Wapo wanaopenda. Reli za Marekani za zamani zilikuwa na urefu wa futi 39 ili zibebeke katika mabehewa ya futi 40. Kwenye HO urefu huo ni sentimita 13.7 hivi, na wako mafundi wanaokwangua alama ndogo juu ya reli kila baada ya sentimita 13.7 ili magurudumu ya chuma yatoe ule mdundo wa safari ndefu. Kwa plastiki kazi hiyo ni bure. Wengine, hasa wenye watoto wachanga katika chumba cha pili, wataiona kelele hiyo kwa jicho tofauti.

Reli kubwa zenyewe zimepambana na swali hili la kelele. Mwaka 1848 Richard Mansell, fundi wa mabehewa wa South Eastern Railway ya Uingereza, alisajili hataza ya gurudumu lenye moyo wa vipande vya mti wa mtiki vilivyozungukwa na tairi la chuma. Mabehewa ya abiria ya Uingereza yalitumia magurudumu hayo kwa miongo kadhaa kwa sababu yalitulia. Mmarekani Richard Norris Allen alikwenda mbali zaidi: mwaka 1869 alibuni gurudumu ambalo moyo wake ni karatasi iliyogandamizwa kati ya sahani mbili za chuma. Kampuni ya Pullman iliyafunga magurudumu hayo kwenye mabehewa yake ya kulala na ya kulia chakula, na abiria walilala vizuri. Mwaka 1915 serikali ya Marekani iliyatangaza kuwa si salama. Miaka mingi baadaye Wajerumani walirudia wazo hilo kwa mpira. Baadhi ya treni za kasi za ICE zilipewa magurudumu yenye pete ya mpira kati ya kiini na tairi la chuma, ili mtetemo upungue. Tarehe 3 Juni 1998, karibu na Eschede, tairi la gurudumu moja la namna hiyo lilivunjika kwa uchovu wa chuma, na watu 101 wakafa.

Mezani hakuna anayekufa, kwa hiyo tunaweza kuchagua kwa starehe. Lakini tuchague kwa njia nzima. Vilabu vingi vya Marekani ambavyo wanachama huleta vipande vyao vya njia na kuviunganisha ukumbini vinadai magurudumu ya chuma kwa kila behewa linaloingia, na sioni ukali katika sharti hilo. Njia ni ya wote. Nyumbani ningeanza na treni moja inayotembea mara nyingi kuliko nyingine, niibadilishe yote kwa mkupuo, kisha nisiichanganye na ya plastiki mpaka ya plastiki yasafishwe. Kubadilisha mabehewa mawili leo na moja mwezi ujao ni kulipa gharama ya chuma na kuendelea kuishi na uchafu wa plastiki. Mabehewa ya abiria yenye taa yanatangulia kwa lazima. Ya kabatini yasubiri. Mwenye mabehewa mia na bajeti ya kumi asione aibu kubaki na plastiki yote, mradi ile karatasi ya jikoni itoke kila mwezi.

Limebaki suala la sura. Chuma kilichovikwa nikeli kinang'aa pote, na gurudumu halisi haling'ai pote. Uso unaokanyaga reli ndio unaong'aa. Ubavu una rangi ya kutu, au weusi wa mafuta na vumbi katika mabehewa ya zamani ambayo fani zake zilivuja. Magurudumu ya mabehewa ya mizigo ya Marekani hayapakwi rangi kiwandani, ili ufa usifichike. Kwa hiyo chagua kahawia ya kutu isiyong'aa, nyembamba, na upake mbavu zote mbili, maana ule wa ndani nao huonekana behewa likipita kwenye kona. Paka kabla ya kupachika. Ncha za ekseli zifunike kwa vipande vya mrija wa kalamu ya wino, uso wa gurudumu uupanguse rangi ikiwa bado mbichi, na seti ikae hadi kesho yake ndipo irudi kwenye fremu.